Fundi wa Mtaala

Kazi inaanza kwa kusikiliza. Kabla hajafungua kitabu chochote, mama huyu anayemfundisha mwanawe nyumbani humketisha ubavuni pake, si mbele yake, akamwekea karatasi moja yenye mafungu manne: silabi, maneno, aya fupi, hadithi. Mpangilio huo ndio wapimaji wa mpango wa Uwezo waliutumia kuanzia 2009 kupima usomaji wa watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, nao waliuiga kwa shirika la Pratham la India, lililoanza kupita nyumba kwa nyumba na kipimo chake mwaka 2005. Uzuri wa karatasi hiyo ni kwamba haimuulizi mtoto yuko darasa la ngapi. Inatafuta anapokwama.

Mtoto mwenyewe ni wa kiume, anakaribia kutimiza miaka minane. Wazazi wake walimtoa shule alipomaliza Gredi ya Kwanza, akijua kuiimba alfabeti yote bila kosa lakini hawezi kusoma neno "mbuzi". Nimeketi kando ya dirisha, nyumbani kwao Tudor, Mombasa, natazama. Mtoto anasoma, mama hasahihishi. Ana penseli na daftari la mistari, na kila neno analiandika vile vile lilivyotamkwa. Palipochapwa "mbuzi" ameandika "buzi". Palipochapwa "ndizi" ameandika "dizi". Kwenye "dada" mtoto alisema "baba", akatupia jicho picha ya msichana, akageuza. "Kuku" na "meza" zilitoka safi.

Mwingine angeandika kwamba mtoto hajui kusoma, akafunga daftari. Yeye aliandika kwamba silabi za konsonanti moja na irabu anazo. Konsonanti mbili zikikutana, ya kwanza humponyoka. B na d bado hazijatengana. Pembeni akaongeza: hubahatisha kwa picha. Mistari hiyo michache ndiyo itakayoamua kitabu gani kinunuliwe, kianzie wapi, na kurasa zipi zirukwe.

Hata hivyo hakuanza na kufundisha kusoma. Kwanza alimpeleka mtoto kupimwa macho, kisha masikio, maana mtoto anayesikia nusu ya sauti atasoma nusu ya neno, na hakuna mtaala utakaomponya. Baadaye wakaenda kwenye kituo cha tathmini cha serikali, vile vinavyoitwa EARC, ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984 kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu. Natamani wazazi wengi zaidi wangevijua vituo hivyo kabla ya kumwita mtoto mvivu.

Uchaguzi wa vitabu ulifanyika juu ya meza ya kulia chakula. Upande mmoja vilikuwapo vitabu vya mtaala wa umilisi vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya; mtaala huo ulianza nchi nzima Januari 2019. Upande wa pili vitabu vya Tusome, mpango wa kusoma uliosambazwa shule za umma kuanzia 2015. Rafiki yake alikuwa amemwazima pia vijitabu vya ACE, mtaala wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970, ambao familia nyingi za Kenya zinazosomesha nyumbani huutumia. Humo kila somo hugawanywa vijitabu 12 kwa mwaka, na mtoto hapandi kijitabu cha pili hadi apate angalau asilimia 80 katika cha kwanza. Nyumba hii ni ya Kiislamu, lakini si hilo tu lililomfanya avirudishe. Kanuni ya kutosonga mbele kabla ya kuweza aliipenda. Tatizo ni kwamba vijitabu vile vinamtaka mtoto asome maelezo mwenyewe, na huyu bado hasomi.

Nilivutiwa na namna anavyokagua kitabu. Hatazami jalada wala ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu ni mwepesi. Hufungua katikati, akahesabu maneno mapya katika kurasa tano zinazofuatana, kisha akayatafuta maneno hayo hayo mbele kuona kama yanarudi. Kitabu kinacholeta neno leo na kulisahau kesho hukiweka kando. Halafu hupima ukurasa kwa macho: maandishi yamebanana kiasi gani, picha ziko wapi, zoezi lina maswali mangapi. Mwisho alivibakisha vya KICD kuwa uti wa mgongo, kwa sababu huenda mtoto akarudi shule, na kwa sababu mtaala huo unaruhusu madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo Mombasa ni Kiswahili. Vya Tusome akavichukua kwa ajili ya hadithi.

Kuwa na kitabu, kwake, ni kuwa na malighafi tu. Jioni, mtoto akiwa madrasa, hukaa na kitabu cha Kiswahili na penseli nyekundu akakipitia kama anayechambua mchele kwenye ungo. Mada ya konsonanti ambatano ilikuwa imekusanya mb, nd, ng, nj na nz katika juma moja. Aliitawanya. Akaiweka mb peke yake na kuipa muda wote itakaotaka, nyingine zikasubiri. Hata ndani ya mb alichagua: "mbu" itangulie, kwa kuwa ni neno zima na fupi, kisha "mbegu", "mbili", "mboga", ndipo "mbuzi". "Mbwa" aliikata kwa mstari mwekundu, kwa kuwa inabeba konsonanti tatu kwa mpigo. Itarudi, lakini si mwezi huu.

Asubuhi, saa mbili na robo, niliona somo lenyewe. Hakuna kitabu mezani, kuna kioo kidogo cha mkononi.

"Fumba mdomo kwanza, baba. Usiuachie."

Mtoto akafumba, akajitazama kwenye kioo. Mmmm.

"Sasa uachie."

"Mmmbu."

Waliirudia mara nyingi, bila sauti ya mama kupanda wala kushuka. Kisha akaweka mezani kadi ya "mbu" na kadi ya "bu", akatamka moja, mtoto akaigusa. Alipokosa, mama hakusema "hapana". Alimsogezea kioo. Baada ya dakika kama kumi kadi zikaondolewa, mtoto akapewa ukurasa anaoujua vizuri ausome kwa raha, na somo likaishia hapo, akiwa bado ana hamu. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, alishikilia kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi ili umakini usichakae. Wengi hulijua hilo kwa maneno. Kulifuata siku ambayo mtoto ndiyo kwanza anaanza kupata, na wewe unatamani dakika kumi zaidi, kunahitaji moyo wa kujizuia ambao mimi nauheshimu sana.

Kwa b na d alitumia njia nyingine. Alinunua msasa laini duka la vifaa vya ujenzi, akachora herufi upande wa nyuma zikiwa zimegeuzwa, akazikata kwa mkasi mkuukuu na kuzigandisha kwenye manila. Herufi za msasa ni za Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Mtoto hupitisha vidole juu yake kwa mwelekeo wa kuandika huku akiitamka sauti, mkono ukajifunza kabla ya jicho. Lakini alikata b tu. Nilipomuuliza d iko wapi, akacheka.

"Ukimpa zote mbili, dada, zote mbili zitapotea. Huyu wa kwanza akae kwanza."

Wiki zilipita b ikiwa peke yake mezani. Maneno yenye d aliyachomoa katika kila hadithi, au akayasoma yeye mwenyewe yakifika. D ilipoletwa hatimaye, ilikuja kwa rangi tofauti na kwa mwendo tofauti wa mkono: b huanza na mstari kushuka, d huanza na tumbo.

Kubahatisha kwa picha alikutibu kwa karatasi ya kunata. Kila picha katika hadithi hufunikwa, mtoto husoma sentensi, ndipo hufunua kuona kama picha inakubaliana na alichosoma. Hivyo picha imekuwa ya kuhakikishia jibu, na mtoto huifurahia zaidi. Kuna pia kipande cha manila chenye dirisha jembamba, upana wa mstari mmoja, kinachoteremshwa ukurasani ili macho yasirukeruke. Na kwa maneno marefu, ambayo Kiswahili hakina uhaba nayo, huchora kwa penseli vitao vidogo chini ya kila silabi: tu-ta-ka-po-fi-ka. Mtoto husoma kitao kimoja kimoja, kisha hurudi mwanzo na kuliunga. Penseli ni hafifu, ya kufutika. Nimeona neno likiwa na vitao sita Jumatatu, na Alhamisi vimebaki viwili.

Wenyeji wa Pwani hawatashangazwa na mwendo huu. Chuoni, ambako vizazi vya Waswahili vilijifunza Kurani, watoto walikaa mkeka mmoja lakini kila mmoja na sehemu yake: huyu yuko kwenye herufi, yule kashafika juzuu ya pili, na mwalimu hakumvusha mtoto kabla hajaisoma sawasawa sehemu yake. Mama huyu alilelewa humo. Darasa la watoto wengi wanaofungua ukurasa mmoja kwa siku moja ni jambo lililokuja baadaye.

Hesabu ilihitaji marekebisho machache, ila moja ni la kutazamwa kwa karibu. Mtoto alikuwa akihesabu hadi 100 bila kusita, lakini akiulizwa ishirini ni makumi mangapi, ananyamaza. Kumi na tatu inajieleza yenyewe. Ishirini, thelathini na arobaini hazisemi lolote kuhusu mbili, tatu na nne. Basi mama akafunga vijiti kumi kumi kwa raba bendi, na kwa muda wakahesabu "makumi mawili", "makumi matatu", huku mtoto akishika mafungu mkononi. Ndipo majina ya kawaida yakarudishwa, kila moja juu ya fungu lake. Baada ya vijiti wakaja kwenye michoro ya vijiti, na baada ya michoro kwenye tarakimu, hatua tatu alizozieleza Jerome Bruner miaka ya 1960 na ambazo Singapore imezijengea mtaala mzima wa hesabu. Ukurasa wa zoezi ulikuwa na maswali 20. Alichagua sita, akayanakili kwenye daftari la miraba, tarakimu moja kila mraba, nafasi ya kutosha katikati. Ugumu wa maswali ni ule ule. Kilichopungua ni msongamano.

Kila Ijumaa hufungua daftari lake mwenyewe. Lina safu tatu: kilichofundishwa, kilichotoka, kilichokwama. Hapo ndipo mtaala wa juma lijalo huandikwa, kwa penseli. Ana kanuni moja asiyoivunja: habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja. Akifupisha somo, hagusi kitabu. Akibadilisha kitabu, hagusi saa. La sivyo, asema, hutajua kilichosaidia. Na kila badiliko hulipa majuma mawili kabla ya kulihukumu, hata siku tatu za kwanza zikiwa mbaya. Nilizisoma kurasa hizo kwa ruhusa yake. Kuna Ijumaa ambapo safu ya tatu imejaa hadi ukingoni na ya pili ina neno moja tu, "mboga", limepigiwa mstari.

Mtoto sasa anasoma aya. Polepole, kidole kikiwa ukurasani, lakini "ndizi" ni ndizi na "mbuzi" ni mbuzi, na juzi alisoma "ng'ombe" na "ngoma" zikifuatana bila kuzichanganya. Kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, usahihi hautakawia sana; wepesi wa kusoma ndio utakaochelewa zaidi, na mama halalamikii hilo.

Anachoandaa kwa sasa ni Kiingereza, ambacho hadi leo amekuwa akimfundisha kwa mdomo tu, mchana, mbali na vitabu vya asubuhi. Kitabu alichokichagua kinaanza na a. Ameisogeza mbali, kwa kuwa a ya Kiingereza itamvuruga mtoto aliyeizoea a ya Kiswahili. Ataanza na e, iliyo karibu na yetu, pamoja na konsonanti zisizobadilika sana: pen, ten, men, net. Maneno hayo yako ukurasa wa 14. Kurasa kumi na tatu za mwanzo amezibana kwa klipu.