Shanga bakulini si mkufu: Maana ya kutunga katika muziki, hisabati na sayansi

Majuzi nilialikwa kuupitia mswada wa kitabu cha sayansi na hisabati kilichokuwa kikitafsiriwa kwa Kiswahili. Tuliketi watu saba mezani, kila mtu na nakala yake na kikombe chake cha chai. Kazi ilienda vizuri hadi tulipofika kwenye sura iliyobeba kichwa 'Utungaji wa Hewa'.

"Ati hewa inatungwa?" mwalimu mmoja wa kemia akauliza huku akicheka. "Na nani?"

Tukacheka sote. Lakini tulipofungua kurasa za mbele tukakuta 'utungaji' tena, safari hii kwenye hisabati, pale hatua moja ya hesabu inapounganishwa na nyingine. Mbele zaidi, kwenye mfano uliohusu mawimbi ya sauti, tukakuta 'utungaji wa muziki'. Mfasiri alikuwa amekutana na neno moja la Kiingereza mahali patatu, akaling'oa mara tatu na kulipanda neno moja la Kiswahili.

Mjadala ulizuka. Upande mmoja ulisema mfasiri amefanya sawa: istilahi haina budi kuwa moja, la sivyo mwanafunzi atachanganyikiwa. Upande wa pili, ulioongozwa na yule mwalimu wa kemia, ulisema hiki ndicho kielelezo kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba sayansi. Neno la washairi, alisema, liachiwe washairi.

Mimi sikukubaliana na upande wowote. Na kabla sijaeleza ni kwa nini, sina budi kukiri dhambi yangu ya kale.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mhadhiri kijana mwenye kalamu nyekundu na hakika nyingi, mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye insha: 'Maji yametungwa kwa hidrojeni na oksijeni.' Nililipigia mstari neno 'yametungwa' na kuandika pembeni: 'Hutungwa mashairi, si maji!' Nikamkata alama. Nilijiona nimeilinda lugha. Kumbe nilikuwa nimeipunguza.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kabla halijawa neno la washairi, kutunga lilikuwa neno la mikono. Hutungwa shanga zikawa mkufu. Hutungwa maua ya asmini yakapambwa kichwani. Mvuvi hutunga samaki kwenye ukambaa akarejea nyumbani na mtungo wake. Fundi cherehani hutunga uzi kwenye sindano. Tendo hili la vidole ndilo lililopanda ngazi likafika akilini: tukapata kutunga shairi, kutunga wimbo, kutunga sheria, kutunga mtihani na, Mungu atuepushe, kutunga uongo.

Na bado halikuishia hapo. Mimba hutungwa. Jipu hutunga usaha. Hapa hapana mtu aliyeketi na kalamu. Ni maumbile yenyewe yanayotenda. Kwa hiyo yule aliyedai kwamba kutunga lazima kuwe na mtunzi mwenye jina na picha yake nyuma ya kitabu, hajamsikiliza mkunga.

Matumizi mengi ya neno hili yana mambo matatu yanayofanana. Kwanza, pana vitu vilivyokuwapo awali. Pili, pana uzi unaovishikanisha. Tatu, pana mpangilio. Vitatu hivyo vikikutana, huzaliwa kitu ambacho hakikuwapo. Shanga zilizo bakulini si mkufu, hata zikiwa zote zimetimia.

Tuuanze muziki. Ukimwuliza Mkenya nani alitunga wimbo wetu wa taifa, huenda akakutajia jopo la wanamuziki watano walioukamilisha mwaka 1963: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Jibu hilo ni sahihi, ila halijatimia. Lahani yenyewe ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na anayetajwa kuwa chimbuko lake ni Mzee Meza Moroa Galana. Akina mama wa Kipokomo walikuwa wakiwalaza watoto kwa lahani hiyo kabla ya taifa kuwa na bendera.

Je, lile jopo lilitunga au liliazima? Mtu anayedhani kutunga ni kuumba kutoka pasipo kitu atasema liliazima. Lakini anayekumbuka shanga ataona kwamba lilitunga kwa maana halisi ya neno. Lilichukua lahani iliyokuwapo, likaipa maneno mapya ya beti tatu, likaipangia sauti, likaifanya wimbo wa kusimamia wima badala ya wimbo wa kusinzilia. Hata hivyo, shanga ile kuu ilikuwa na mwenyewe. Tukisema 'jopo lilitunga' na kunyamaza, tumewanyima Wapokomo haki yao. Neno kutunga, likieleweka sawasawa, linatulazimisha kuuliza maswali mawili: nani aliyeshika uzi, na shanga zilitoka wapi?

Sasa hisabati. Hapa ndipo jambo la mpangilio linapojidhihirisha. Chukua duka linalokupa punguzo la asilimia 10 na kukutoza shilingi 200 za kukuletea mzigo. Umenunua bidhaa ya shilingi 1,000. Punguzo likitangulia, unabaki na 900, ukiongeza 200 unalipa 1,100. Ada ikitangulia, unapata 1,200, na punguzo likitolewa unalipa 1,080. Hatua ni zilezile mbili, lakini zimetungwa kwa utaratibu tofauti, na mfuko wako unaujua utofauti huo. Mwanahisabati anapozungumzia kutunga hatua mbili anamaanisha hivi: tokeo la hatua ya kwanza huwa chakula cha hatua ya pili.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Analifanya kila siku kinywani mwake. Chukua kitenzi kosa. Kipe kiambishi cha kutendana, kisha cha kutendesha: kosana, kosanisha. Mchochezi amewakosanisha marafiki, yaani amewafanya wakosane. Sasa geuza utaratibu, utendeshi utangulie: kosesha, koseshana. Majirani wanakoseshana usingizi, yaani kila mmoja anamkosesha mwenzake. Mzizi ni uleule na viambishi ni vilevile, ila zamu imebadilika na maana nayo ikabadilika. Sarufi yetu ni hesabu inayotembea kwa miguu miwili. Inasikitisha kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati huketi ofisi moja ya walimu miaka kumi bila kuambiana habari hii.

Kuna utungo mwingine wa hisabati, nao ni wa namba. Namba 60 imetungwa kwa 2, 2, 3 na 5 zikizidishwa pamoja. Hakuna seti nyingine ya namba za aina hiyo itakayokupa 60. Hapa, tofauti na duka letu, utaratibu haudhuru kitu: anza na 5 au anza na 2, utafika palepale. Hizo 2, 3, 5, 7 na wenzao tumeziita namba tasa. Kwa heshima zote kwa waliolibuni jina hilo, mimi hunitatiza. Najua walichokusudia: hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Lakini tasa ni yule asiyetunga mimba, ilhali namba hizi ndizo mama wa namba nyingine zote nzima kuanzia 2. Walizoziita tasa ndizo zenye uzao mkubwa kuliko zote! Sisemi tulibadilishe jina, maana limeshazoeleka. Nasema mwalimu amwonyeshe mtoto kinyume hicho. Atacheka, na akishacheka hatasahau.

Tufike kwenye sayansi, alikoanzia mwalimu wetu wa kemia. Hadi miaka ya 1780, wataalamu wengi wa Ulaya waliyahesabu maji kuwa kitu kimoja kisichogawika. Antoine Lavoisier wa Ufaransa ndiye aliyethibitisha hoja kwamba maji ni muungano wa hidrojeni na oksijeni. Kiswahili kina neno maridhawa kwa kazi hiyo: kutungua. Siku hizi tunalijua zaidi kwa kutungua embe au kutungua ndege ya adui, lakini tungua ni kinyume cha tunga kama fungua ilivyo kinyume cha funga. Lavoisier aliyatungua maji. Mwanafunzi anayeivunja 60 kuwa 2, 2, 3 na 5 anaitungua.

Lakini zingatia uzi. Ukiweka hidrojeni na oksijeni kwenye chupa moja huna maji. Una mchanganyiko, tena wa hatari, unaoweza kulipuka kwa cheche moja. Maji huja pale atomu mbili za hidrojeni zinapofungamana na moja ya oksijeni. Hewa nayo ni kinyume cha hayo: takriban asilimia 78 nitrojeni na 21 oksijeni, na argoni kidogo na gesi nyingine, zote zikielea pamoja bila kufungamana. Hewa ni shanga bakulini. Maji ni mkufu.

Na mpangilio je? Almasi ya kwenye pete na ile risasi nyeusi ya penseli tunayoandikia, ambayo hasa ni grafati, zote viini vyake ni kaboni. Tofauti kubwa ni jinsi atomu zilivyopangwa na kushikana. Moja hukata kioo, nyingine huacha alama kwenye karatasi ukiigusisha tu. Anayejua viambajengo peke yake hajajua kitu bado.

Nirudi sasa kwenye mswada wetu. Kosa la mfasiri halikuwa kulileta neno la washairi kwenye kemia. Kosa lake lilikuwa kusahau kwamba mzizi mmoja wa Kiswahili huzaa maneno mengi, na kila moja lina kazi yake. Utungaji ni tendo. Kwa hiyo 'utungaji wa muziki' ni sawa, na 'utungaji wa hatua' katika hisabati ni sawa pia, kwani pote pana kutenda. Utungo ni tokeo la tendo hilo. Hewa haina utungaji wala si utungo, kwani haikufungamana. Pale palihitaji viambajengo vya hewa, au kwa lugha nyepesi, gesi zinazounda hewa. Ama namna atomu zilivyokaa ndani ya almasi, hilo ni suala la muundo.

Kiunganishi nacho kiangaliwe. Shairi hutungwa na mtu, lakini hutungwa kwa maneno. Mkufu hutungwa na binti, lakini hutungwa kwa shanga. Kwenye mswada ule niliona 'maji yametungwa na hidrojeni', kana kwamba hidrojeni iliketi chini ya mwembe ikatunga. Hiyo 'na' ndiyo iliyomchekesha mwalimu wa kemia. Akaitupia lugha nzima lawama iliyostahili kuangukia silabi moja.

Kwa wanaotaka neno moja kwa neno moja, nasema hivi: Kiingereza chenyewe kinatumia neno hilo kwa maana nyingi na wanafunzi wake hawafi. Uthabiti wa istilahi ni kutumia neno moja kwa dhana moja, wala si kutumia neno moja kila mahali Waingereza walipotumia lao moja.

Hili si suala la mabingwa peke yao. Tazama insha za watoto wetu. Mtahini hukutana na jua lilelile, mawio yaleyale, methali zilezile nne, zimekaririwa na kumwagwa kwenye karatasi. Walimu wamewajaza watoto shanga, tena nzuri, na kuwasahaulisha uzi. Wamefundishwa kuchanganya wakaambiwa wanatunga. Mtoto ambaye ameonyeshwa kwamba bei hubadilika hatua zikibadilishana zamu, na kwamba kaboni ileile ni almasi ama ni penseli kutegemea mpangilio, ataelewa kwa nini aya yake ya tatu ingefaa kuwa ya kwanza. Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alihesabu vina na mizani kwa umakini wa mhasibu. Tarbia ya mizani kumi na sita kila mshororo ina mizani 64 katika ubeti. Washairi wetu walikuwa watu wa hesabu tangu hapo.

Yule mwanafunzi niliyemkata alama siku hizi ni mwalimu, na somo lake ni kemia. Tulikutana mwaka jana kwenye mazishi ya rafiki yetu sote. Nilimkumbusha ile insha, nikamwambia, "Bwana mwalimu, ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea." Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Prof, mimi niliisahau zamani. Ila tangu siku ile sikuandika tena kemia kwa Kiswahili."

Sikuwa na jibu. Alama mbili nilizomkata ningeweza kumrudishia. Hayo mengine sijui nitayalipa vipi, ila nimeanza na makala haya.