Wapiga kura huru: wanahama kweli, au tunawahesabu vibaya?

Mwaka 2012 Mitt Romney aliongoza miongoni mwa wapiga kura huru, kisha akashindwa uchaguzi. Utafiti uliofanywa watu wakitoka vituoni ulimpa asilimia 50 ya waliosema hawana chama. Barack Obama aliambulia 45. Kwa miaka mingi makamanda wa kampeni za Marekani walikuwa wakifundishana kwamba anayewapata watu wa katikati ndiye anayeingia Ikulu. Romney aliwapata, tena kwa pointi tano, na Januari aliyeapishwa ni Obama.

Hakukuwa na mazingaombwe. Baada ya 2009 wahafidhina wengi waliochoshwa na viongozi wa Republican, hasa wale wa vuguvugu la Tea Party, waliacha kujiita Warepublican. Wakiulizwa chama chao, wanajibu: huru. Kura zao zilibaki palepale. Kilichohama ni jina. Kundi la huru likaelemea kulia kwa sababu wageni wake wapya walitoka kulia. Utafiti huohuo, siku hiyohiyo, ulionyesha Obama akiongoza kwa 56 dhidi ya 41 miongoni mwa waliojieleza kuwa na msimamo wa wastani. Makundi mawili ambayo wachambuzi wa televisheni huyataja kana kwamba ni watu walewale yalikwenda kila moja na njia yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama watu wa katikati humpigia mgombea wa upande wa pili, inafaa kuangalia wanavyopatikana kwenye hesabu.

Tangu 1952 utafiti mkubwa wa uchaguzi wa Marekani, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, umekuwa ukiuliza kwa hatua mbili. Kwanza: kwa kawaida unajiona kuwa Mrepublican, Mdemocrat, huru, au vipi? Anayejibu huru haachwi aende zake, anaongezewa swali: basi uko karibu zaidi na chama kipi? Hilo la pili ndilo linalotoboa siri. Shirika la Gallup nalo huuliza kwa hatua mbili, na wastani wake kwa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 43 huru, 28 Republican na 28 Democratic. Ukiishia hapo utaandika kwamba kundi kubwa kuliko yote nchini halina chama, na wengi wameandika hivyo. Ukiongeza swali la pili, Republican pamoja na wanaokiegemea wanakuwa 46, Democratic na wanaokiegemea 45. Asiyeegemea popote amebaki kama mtu mmoja kati ya kumi. Shirika la Pew lilipofanya hesabu ya namna hiyo 2019 lilipata 38 huru, na katika hao ni 7 tu waliokataa kata kata kuegemea upande wowote.

Hao wanaoegemea ndio kiini cha mjadala. Mwaka 1992 Bruce Keith, Raymond Wolfinger na wenzao wanne walichapisha kitabu, The Myth of the Independent Voter, kilichofuatilia kura za watu hao kwa miongo kadhaa. Walikuta kwamba anayejiita huru huku akikiri kuegemea chama humpigia mgombea wa chama hicho karibu kama mwanachama, na mara nyingine kwa uaminifu kuliko mwanachama vuguvugu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Samara Klar na Yanna Krupnikov walieleza baadaye, mwaka 2016, kwa nini basi watu hao hulikwepa jina la chama: wanaona aibu kuhusishwa na ugomvi wa vyama, ingawa siku ya kura wanajua pa kuweka alama.

Na ile asilimia 7? Baada ya uchaguzi wa Bunge wa 2018, ni theluthi moja tu kati yao waliosema walipiga kura. Mtu aliye huru kwelikweli, siku ya uchaguzi, mara nyingi yuko kwenye shughuli zake.

Neno wastani nalo lina mtego wake. Mtafiti wa siasa David Broockman ameonyesha kwamba mtu anaweza kutaka wahamiaji wote wasio na vibali wafukuzwe na papo hapo akataka serikali igharamie matibabu ya kila raia. Ukijumlisha misimamo hiyo miwili na kugawa kwa mbili, hesabu itamweka katikati, ingawa hakuna hata jambo moja ambalo yuko katikati. Wapo waliochukua hoja hii wakatangaza kwamba watu wa wastani hawapo kabisa. Hapo mimi nashuka. Anthony Fowler, Lynn Vavreck na wenzao walichapisha 2023 uchambuzi unaotenganisha wale wenye misimamo ya kati kweli na wale wenye misimamo mikali inayokwenda pande mbalimbali, na wa kati kweli walikuwa wengi. La maana zaidi, kura za watu hao ziliyumba kufuatana na nani anagombea: aliye madarakani tayari, au mwenye msimamo mkali mno. Mkereketwa hayumbishwi na hayo.

Sasa tuje kwenye kuvuka kwenyewe. Njia rahisi ni kumuuliza mtu: safari iliyopita ulimpigia nani? Ni njia mbovu. Kumbukumbu ya mpiga kura humpendelea mshindi, na wengine hulinganisha kura ya zamani na ya sasa ili waonekane hawana kigeugeu. Ndiyo maana watafiti makini humfuata mtu yuleyule uchaguzi hadi uchaguzi na kuandika jibu lake wakati huohuo. Hata hivyo kwa waliompigia Obama 2012 kisha Donald Trump 2016, makadirio ya tafiti kubwa yalitofautiana, kati ya asilimia 9 na 13 hivi ya wapiga kura wa Obama. Hao walikuwa mamilioni. Ila wengi wao hawakuwa wakizunguka katikati. Walikuwa wanahama nyumba, na wengi hawajarudi. Kuhama chama na kuchanganya vyama kwenye karatasi moja ni mambo mawili.

Kwa kuchanganya kuna ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mtu: matokeo yenyewe. Tuchukue jimbo la Maine, Novemba 2020. Kwa tarakimu za kukadiria, Joe Biden alipata kura 435,000 na Trump 361,000. Kwenye Seneti, siku hiyohiyo, Susan Collins wa Republican alipata 418,000 na Sara Gideon wa Democratic 347,000. Takribani tafiti zote za maoni zilikuwa zimemweka Gideon mbele, na alikuwa amekusanya zaidi ya dola milioni 70.

Toa kura za Gideon katika za Biden: 88,000. Hilo halina ubishi, angalau watu 88,000 waliompigia Biden hawakumpigia Gideon, yaani mmoja kati ya kila watano. Walikwenda wapi? Mgombea wa mrengo wa kushoto, Lisa Savage, alipata kama 40,000. Tumpe Savage kwamba kila kura yake ilitoka kwa Biden, jambo ambalo si rahisi. Tumpe vilevile mgombea wa nne, Max Linn, kura zake 14,000 hivi kwa masharti hayohayo, na tutoe karatasi zilizoachwa wazi. Bado wanabaki zaidi ya 20,000 ambao hawana pengine pa kwenda isipokuwa kwa Collins.

Hicho ni kiwango cha chini kabisa, sakafu. Hesabu haitoi dari. Lakini sakafu yenyewe inapanda ukikumbuka kwamba siku chache kabla ya uchaguzi Collins alikuwa Mrepublican pekee aliyepinga uteuzi wa Amy Coney Barrett katika Mahakama ya Juu, na kila mfuasi wa Trump aliyemnunia kwa hilo ilibidi fidia yake itoke kwa Biden. Collins alikuwa seneta tangu 1997, mzaliwa wa Caribou, kaskazini kabisa mwa jimbo, ilhali Gideon alizaliwa Rhode Island. Maine nayo ina historia ya kuchagua magavana wasio na chama: James Longley 1974, na Angus King 1994. Aliyeshika nafasi ya tatu mwaka huo wa King ni Collins huyuhuyu.

North Carolina 2024 inafundisha jambo jingine. Trump alichukua jimbo kwa asilimia 51 dhidi ya 48 za Kamala Harris. Mgombea ugavana wa Republican, Mark Robinson, alipata 40. Pointi kumi na moja zilimkimbia, hasa baada ya CNN mwezi Septemba kuripoti maneno ya aibu aliyodaiwa kuyaandika mtandaoni miaka ya nyuma, madai aliyoyakana. Josh Stein wa Democratic alipata 55, pointi saba juu ya Harris. Zile nne nyingine zilikwenda kwa wagombea wa vyama vidogo. Kwa hesabu ya jumla, basi, zaidi ya theluthi ya waliomkimbia Robinson hawakufika kwa Stein. Walitoka nyumbani wakaishia barazani. Chambuzi nyingi huwahesabu hao kuwa wamevuka, kosa ambalo linaongeza ukubwa wa jambo bila sababu.

Je, waliofika kwa Stein ni wale wapiga kura huru? Tangu 2022 walioandikishwa bila chama ndio kundi kubwa kuliko yote katika daftari la North Carolina, kwa hiyo kishawishi cha kusema ndiyo ni kikubwa. Ila matokeo ya eneo hayasemi lolote kuhusu mtu mmoja mmoja. Robinson mwingine, W. S. Robinson, mwanasosholojia, alilithibitisha hilo mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya 1930: majimbo ya Marekani yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasomaji wengi, wakati wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa nyuma kwa kusoma. Walikuwa wamekaa tu jirani na waliosoma. Vivyo hivyo, kata yenye wapiga kura huru wengi na kura mseto nyingi haithibitishi kwamba waliochanganya ni huru.

Ushahidi ulio karibu kabisa umo ndani ya mashine. Mashine zinazosoma karatasi za kura katika maeneo mengi ya Marekani huhifadhi kumbukumbu ya kila karatasi bila jina: hapa rais, hapa seneta, hapa mkuu wa polisi wa eneo. Wanaharakati walioamini kwamba uchaguzi wa 2020 uliibwa walizimiminia ofisi za uchaguzi maombi ya kumbukumbu hizo wakitafuta wizi. Walichofanikisha ni kuwafungulia mlango watafiti. Shiro Kuriwaki na wenzake walizikusanya, zaidi ya milioni 40, wakazipanga ziweze kuchambuliwa. Hapo huna haja ya kukisia nani alichanganya, unaona karatasi kwa karatasi. Kuriwaki alikuwa tayari amefanya kazi kama hiyo kwa South Carolina, na alichokiona ni kwamba uchanganyaji uliobanwa sana juu, kwenye urais na Bunge, bado unapumua chini, kwenye vyeo vya mtaani ambako mpiga kura anamjua mgombea kwa sura na kazi.

Juu kumekauka kweli. Mwaka 1984 zaidi ya wilaya 180 kati ya 435 za Baraza la Wawakilishi zilimpa ushindi mgombea urais wa chama kimoja na mbunge wa chama kingine. Mwaka 2020 zilikuwa 16, na 2024 zilikuwa 16 tena. Uchaguzi wa Seneti wa 2016 haukuwa na jimbo hata moja lililogawanya. 2020 lilikuwa Maine peke yake. Kupigia chama kimoja kwenye vyeo vyote, kile ambacho CCM ya Tanzania huwaomba wapiga kura wake kwa jina la mafiga matatu, na wanasiasa wa Kenya kwa jina la suti, Wamarekani sasa wanakifanya bila kuombwa. Halafu 2024 majimbo manne, Arizona, Michigan, Nevada na Wisconsin, yakampa Trump urais na kuwapeleka Wademocrat Seneti. Idadi ni ndogo, lakini uchache huo unaweza kuamua: Biden alishinda urais 2020 kwa tofauti ya jumla isiyofika kura 43,000 katika Arizona, Georgia na Wisconsin.

Hukumu yangu ni hii: wanaovuka wapo, ni wachache, na kinachowavusha ni mgombea. Jina la huru halikuambii ni nani kati yao.

Kwa msomaji wa Kenya, hesabu ya Maine inafanyika hata nyumbani. Fomu 34A ya urais na 35A ya mbunge hujazwa kituo kimoja, jioni moja, na watu walewale. Tume ya uchaguzi iziweke zote mbili wazi mtandaoni kituo kwa kituo, kama ilivyoziweka 34A mwaka 2022, na mtu yeyote mwenye kikokotoo ataweza kusema, angalau kwa kiwango cha chini, ni wangapi waliivua suti.