Hongera Mwalimu wa Hisabati

Binti wa Iguguno, wilayani Mkalama, hujua hesabu mapema. Hupima alizeti kwa debe, hukadiria mafuta yatakayotoka, huondoa ujira wa mashine, ndipo hutaja faida. Hofu humwingia baadaye, akishaambiwa kuwa fomula ni za wavulana.

Ndiyo maana tunampongeza mwalimu wa Hisabati na Sayansi anayemwita msichana ubaoni, akamwachia chaki mpaka amalize swali mwenyewe. Kazi hiyo haina makofi, lakini matunda yake yapo. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Alisomea Berlin, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akapigania wasichana wa Afrika wasome sayansi.

Serikali nayo inastahili heko kwa mpango wa shule ya sayansi ya wasichana katika kila mkoa, na kwa ufadhili wa masomo wa Rais Samia kwa wanaofaulu vizuri sayansi kidato cha sita.

Wazazi wa Mkalama, zamu yenu: mpunguzieni binti kazi za jioni, apate saa ya kukokotoa.