Mwendo na Jawabu: Mizani ya Kupimia Mchezo wa Video

Aghalabu mchezo wa video husifiwa kwa uzuri wa taswira zake, na mnunuzi huvutwa na rangi kama avutwavyo mtu na jahazi lililopakwa upya. Walakini nahodha hukagua mbao, kisha hutaka kuliona likikata maji. Mchezo nao una mambo mawili yapasayo kukaguliwa hivyo, nayo ni jawabu ambalo jicho hupewa kila mkono utendapo, na mwendo ambao wakati huendeshwa kwao.

Anza na jawabu. Bonyeza kitufe, utazame kioo. Katika mchezo uendao kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, fremu moja ni kitambo kidogo mno. Hata hivyo zikipita kadhaa pasipo badiliko lolote, mkono huhisi kwamba haukutiiwa, kabla akili haijafahamu sababu. Upesi, kwa hiyo, ni sharti la kwanza.

Sharti la pili ni kadiri: jambo dogo lijibiwe kwa udogo wake, na jambo kubwa kwa ukubwa wake. Mfano wake mwema ni Pac-Man, mchezo uliobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, ukatokea Japani mwaka 1980. Mhusika wake alapo nukta husita kwa fremu moja tu, kiasi cha jicho kuhisi utamu bila kujua ulikotoka. Bali alapo mzuka, mchezo wote husimama kwa kitambo, na alama huandikwa pale pale alipoliwa, 200 kwa wa kwanza, kisha 400, 800 na 1600. Kadhalika katika Street Fighter II ya mwaka 1991, ngumi ifikapo mwilini wapiganaji wote wawili huganda kwa fremu chache, na mgando huo ndio uipao ngumi uzito, maana taswira yenyewe haina uzito wowote. Ukiona mchezo unawakawaka kila upande kwa kila tendo, fahamu kwamba mbunifu wake hakupima: mahali palipojaa kelele hapana habari.

Sharti la tatu ni onyo. Mizuka wa Pac-Man hugeuka buluu wakati wanapoweza kuliwa, na kabla ya kurudiwa na nguvu zao humeta buluu na nyeupe kwa zamu, ili mwindaji ajue kwamba karibu atakuwa mwindwa. Mchezo uadhibuo bila ishara iliyotangulia ni hakimu asiyesoma mashtaka.

Sasa uje kwenye mwendo. Wengi hudhani mwendo mwema ni mbio, nao hukosea kama akoseavyo mpiga ngoma adhaniaye kwamba ustadi ni kupiga kwa nguvu bila kuachia nafasi. Hatari isiyopumua huzoeleka, na iliyozoeleka haitishi tena. Iwatani alilijua hilo: katika hatua ya kwanza mizuka hutawanyika kwenda pembeni kwa sekunde 7, kisha humwandama mchezaji kwa sekunde 20, kisha hutawanyika tena. Mchezaji hajui hesabu hiyo, lakini mabega yake huijua, maana hukazana na kulegea kwa kuifuata. Mkaguzi na amtazame mwenziwe akicheza, asikitazame kioo. Akiona pumzi hazishuki kamwe, au hazipandi kamwe, amekwisha kuiona kasoro.

Daraja ya juu kabisa ni pale ambapo jawabu na mwendo huwa kitu kimoja. Tomohiro Nishikado aliifikia mwaka 1978 katika Space Invaders ya kampuni ya Taito. Wavamizi 55, safu 5 za 11, hushuka polepole kwa mdundo wa sauti nne. Kila anayeangushwa huwapunguzia kazi wale waliosalia, kwa kuwa mashine ilikuwa dhaifu na ilichora upesi zaidi walipobaki wachache. Nishikado aliuona udhaifu huo ukizaa taharuki, akauacha. Tangu hapo kila shabaha iliyopata ikawa na maana mbili: adui mmoja amepungua, na waliobaki wameongeza kasi, hata yule wa mwisho hukimbia kama aliyechanganyikiwa. Mchezaji haambiwi kwamba hatari imezidi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeizidisha, na jicho lake limeshuhudia kila hatua yake.

Basi atakaye kuhukumu kwa insafu na acheze mpaka ashindwe, kisha ajiulize kosa lilikuwa wapi. Akiweza kulitaja bila kuisingizia mashine, na kidole chake kikawa tayari kimerudi juu ya kitufe ili kulisahihisha, ajue kwamba mbunifu amemheshimu, kwa kuwa amemwonyesha kila alichohitaji kukiona na kumwachia wasaa wa kukitumia.