Saa ya Kimea

Ukitaka kujua kama mtu anaweza kupika busaa, pombe yetu ya asili, usianze kwa kuionja. Omba kwanza akuonyeshe kimea.

Matulo, upande huu wa Webuye Magharibi ambako mahindi na miwa vinasongamana mpaka kwenye ua wa nyumba, kimea kizuri hutengenezwa kwa wimbi. Linapepetwa kwa ungo, linaoshwa, linalowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yanamwagwa, wimbi linafungwa ndani ya gunia bichi au majani ya mgomba, kisha linawekwa penye joto, mara nyingi karibu na meko. Kwa macho ya mpita njia kazi imesimama. Mpishi, hata hivyo, hana raha. Anarudi jioni, anarudi alfajiri, anatia mkono katikati ya gunia kupima joto, ananyunyiza maji kidogo, anafunga tena. Joto likizidi, wimbi litachacha na kuoza. Likipungua, punje zitaota kwa kupishana, hizi zimetangulia na zile bado zimelala.

Gunia linapofunguliwa, kama siku ya tatu hivi, harufu inayokupokea ni ya tango lililokatwa sasa hivi. Kila punje imetoa mzizi mweupe, na mizizi imeshikana hivi kwamba ukivuta konzi moja, nusu ya gunia inafuata. Kukhu (yaani nyanya) mmoja wa huku, ambaye amepikia harusi na matanga mengi kuliko anavyoweza kukumbuka, huchukua punje chache akazitafuna kwa meno ya mbele huku ametazama pembeni. Nilimuuliza anatafuta nini. “Utamu, mjukuu wangu. Ikiwa bado ni unga mkavu katikati, ngoja. Ikiwa tamu, toa juani leo hii. Ukichelewa mpaka kesho, umeotesha shamba, hujapika pombe.”

Kila ninapokumbuka maneno hayo nashangaa jinsi yalivyo sahihi. Punje ni ghala la wanga, na wanga haulevyi wala hauchachi wenyewe. Mbegu inapohisi maji na joto, hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari ili kulisha mche mchanga. Mpishi anaiacha mbegu ijiandae kwa safari hiyo, halafu anaisimamisha kwa kuianika juani, kabla mche haujala sukari yote. Akiiwahi, vimeng'enya ni vichache. Akiichelewesha, chakula kimekwisha. Ustadi wote unaofuata unaning'inia kwenye dirisha hilo la nusu siku, na Kukhu hulipata kwa ulimi.

Nimesoma sana habari za wiski ya Uskoti, ile inayotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake katika kiwanda kimoja, na kilichonivuta tangu mwanzo ni kwamba safari yake inaanzia hapa hapa. Katika kisiwa cha Islay, viwanda vya Laphroaig na Bowmore bado huotesha sehemu ya shayiri yao sakafuni kwa njia ya kale. Springbank, kule Campbeltown, huotesha shayiri yake yote. Nafaka iliyolowekwa hutandazwa juu ya sakafu ya mawe kwa karibu juma zima, na wanaume wenye makoleo ya mbao huigeuza usiku na mchana isipate joto kupita kiasi wala mizizi isishikane. Kisha hukaushwa juu ya tanuri. Islay hakuna jua la kutegemea kama letu, kwa hiyo kwa karne nyingi walichoma piti, udongo mweusi wa mimea ya kinamasi iliyolala chini kwa maelfu ya miaka, na moshi wake ukaingia ndani ya punje usitoke tena. Ladha ile ya moshi ambayo watu husafiri mabara kuitafuta ilizaliwa na shida ya kukausha nafaka kwenye nchi ya mvua. Napenda sana mambo ya namna hii, ambapo hali ya hewa ya mahali imekuwa kiungo.

Huku kwetu kiungo kilichobadilisha kila kitu kilishuka kutoka Kitale. Zamani pombe ilikuwa ya wimbi na mtama. Mahindi yalienea na mashamba ya walowezi, Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaanzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka Kitale mbegu chotara namba 611, iliyozalishwa kwa kuchanganya mahindi ya huku na aina iliyotoka Ekwado. Mavuno yakaongezeka, na gorogoro ya mahindi ikawa rahisi kuliko ya wimbi. Mpishi wa busaa hakulitupa wimbi. Aliligawia kazi: mahindi yabebe wanga, wimbi libaki kimea. Ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, maana kimea cha wimbi kina nguvu ya kuvunja wanga inayosifika hata na wanasayansi wa chakula. Nyumba za Lugulu zilizolelewa na kanisa la Friends, ambako pombe haiingii mlangoni, zinaweza kuthibitisha hilo bila kuonja tone. Kijiko cha kimea hicho hicho kikitiwa ndani ya uji mzito wa mtoto, uji unalainika mbele ya macho yako.

Lakini wanga wa mahindi ni mkaidi, lazima ulainishwe kwanza. Unga hukandwa kwa maji mpaka uwe bonge, hufunikwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Baadaye huja hatua ninayoipenda kuliko zote, ya kukaanga. Bati pana, mara nyingi pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa, huwekwa juu ya mafiga, moto wa kuni ukakokwa chini yake, na bonge linavunjwavunjwa juu ya bati. Mtu anasimama na koleo au jembe akigeuza bila kupumzika, uso umeelekezwa kando kwa sababu ya mvuke mkali wenye uchachu. Chenga hutoka nyeupe zikawa za manjano, zikaelekea hudhurungi, na harufu ikageuka kutoka ya siki kuwa ya mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo rangi ya busaa inapoamuliwa. Chenga zikiungua, uchungu wake hautafichwa na chochote. Zikiondolewa mapema, pombe itakuwa nyepesi, haina mgongo. Moto umeivisha ule wanga, na kimea sasa kitauvunja kwa urahisi.

Chenga zikipoa huchanganywa na maji na kimea kilichosagwa, kisha chombo hufunikwa. Siku mbili tatu baadaye kinatokota bila moto. Hamira inakula sukari, na bakteria wa jamii moja na wale wa maziwa ya mala wanaleta uchachu unaozuia vijidudu vibaya. Matokeo ni kinywaji cha kilevi kidogo, kama asilimia 2 hadi 4, kizito, chenye chakula ndani yake.

Kwa Wabukusu wa huku kazi hii haijawahi kuwa ya biashara tu. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara, na kabla ya siku ya kisu kijana mwenyewe humimina maji katika pombe inayotayarishwa kwa ajili yake. Tendo hilo huitwa khuchukhila. Pombe itaiva pamoja naye, na wazee watainywa akiwa amesimama imara. Sijui desturi nyingine inayompa mpishi jukumu zito kiasi hicho, maana busaa ikiharibika siku ile hakuna kuahirisha.

Busaa ina kasoro moja machoni pa dunia: haikai. Sheria ya Uskoti inataka wiski ilale ndani ya pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na nyingi hulala 10, 12 au 18, huku sehemu yake ikipotea hewani kila mwaka. Muda huo huandikwa kwenye chupa na kuuzwa kwa fahari. Busaa ikifika siku ya nne imekuwa siki. Haiwezi kupanda meli wala kukaa rafuni, na kwa sababu hiyo watu wengi huiona kuwa kitu cha haraka. Nakataa kabisa. Anayeamka alfajiri kupima joto la gunia ana subira ileile ya mlinzi wa mapipa, ila yake imebanwa ndani ya saa chache na haisamehe kusinzia.

Uskoti nao walipitia giza. Bonde la Glenlivet lilijaa mitambo ya siri ya kukeneka mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipopunguza gharama za leseni. George Smith wa bonde hilo akachukua yake mwaka 1824, na majirani waliotaka kuendelea na magendo wakamtishia. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kukeneka, kwa sheria ya mwaka 1980, ikaifuta marufuku hiyo kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, lakini masharti yake yaliandikwa yakimfikiria mwenye kiwanda. Mpishi wa chungu kimoja aliachwa palepale, akihesabiwa pamoja na wauaji wanaotia methanoli ya viwandani ndani ya vinywaji, kama ile iliyoua watu wengi mwezi Mei 2014. Kumweka Kukhu katika kundi hilo ni dhuluma. Methanoli hiyo haitoki katika gunia la wimbi.

Namna bora ya kuinywa ni ile ya zamani: chungu katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na lusekhe wake, mrija mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa kwenye ncha. Busaa haijachujwa, machicha yamo humo humo, na maji ya moto huongezwa kila inapopungua. Funda la kwanza ni zito na la uvuguvugu, lina utamu wa kimea mbele, mahindi ya kuchoma katikati na uchachu mwishoni. Maji ya moto yakiongezwa mara ya pili utamu unajitenga, na ule ukaangaji unajitokeza wazi. Mara ya tatu kunabaki uchachu safi unaofanana na wa ndimu, na machicha yaliyobaki chini yanasubiri kuku wa kesho. Mimi huichagua ile ya pili. Kukhu anasema ya kwanza ndiyo yake, zilizobaki ni za wageni.