Habari Yenye Kingo Mbili

Kijana wa Wema, kijiji cha delta ya Mto Tana, akiwasha simu asubuhi hukutana na maiti kabla hajanywa chai. Hapo bado hajafikia wanasiasa wanaotukanana na "habari za hivi punde" zilizopoa tangu juzi. Wengi wameamua kutosikiliza tena, na siwalaumu. Walikuwa watoto mwaka 2012, wakasikia jinsi delta yao ilivyosimuliwa. Agosti 22 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa. Septemba ikawa Kilelengwani, Desemba Kipao. Vyombo vikubwa vilihesabu maiti, vikawataja Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji kana kwamba ni timu mbili uwanjani, kisha magari yao yakarudi Nairobi.

Fundi wa habari ninayemsifu huanzia hapo wenzake walipoachia. Anajua kwamba kiangazi kikikaza mfugaji hana budi kufikisha ng'ombe mtoni, na kwamba malka, njia ile ya mifugo, hupita kando ya migomba na mipunga ya watu. Malka ikilimwa, au shamba likikanyagwa, ugomvi una mahali ulipoanzia na siku ulipoanza. Kusema "chuki za kikabila" ni uvivu tu. Basi huketi na mkulima, akavuka mto kwa mfugaji, akawasikiliza wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, ndipo arudi studioni na kazi iliyo ngumu kuliko zote: kukata. Kilio hukipunguza, maana kila msikilizaji anakijua. Humbakiza mama anayeeleza shamba lake limeliwa hadi wapi, na mchungaji anayeeleza ni dimbwi gani lililokauka likamsukuma huko.

Wapo wanaodhani habari tulivu ni habari ya kulaza watu. Hao wakumbuke kwamba wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, ambao Mzee Meza Moroa Galana aliwaimbia watunzi wake. Ukipigwa leo, watu husimama.

Ufundi huu huonekana zaidi mto unapofura, kama ulivyofura kwa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Maji yakifurika mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hayafiki Garsen siku hiyo hiyo. Muda huo mfupi ndio mtaji wa mtangazaji. Akiutumia kupaza sauti "janga! janga!", ameumaliza bure. Mtangazaji hodari hutaja kijiji kwa kijiji, Hewani, Wema, Kulesa. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imekatika wapi. Mitumbwi inapakia upande gani. Na ni lini aliongea mara ya mwisho na aliyempa taarifa hizo. Kisha huyarudia yote kwa Kiorma, kwa sababu ng'ombe wa ng'ambo nao wamesimama kwenye tope hilo hilo, na mwenye nao anataka kujua awahamishie wapi kabla jua halijazama.