Jeli ya Matunda Hukaguliwa kwenye Nanasi

Nimechoka kusikia jeli ya matunda ikisifiwa kwa rangi yake. Huku Tassia, mtaani Nairobi, tangu watu waanze kuagiza vyakula vya sherehe kwa simu, kila bethidei na kila ruracio, yaani sherehe ya mahari, ina sinia la jeli nyekundu, nalo hupigwa picha kabla halijaguswa. Majuzi wageni walipigia makofi jeli iliyokalia maji yake yenyewe. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingo wa sinia, vipande vya nanasi vimeanza kuteleza pembeni, na bado mama mwenye sherehe aliomba nambari ya mpishi. Nilinyamaza kwa heshima ya nyumba ya watu. Hapa sina sababu ya kunyamaza.

Nianze na yale yasiyohitaji mjadala. Jeli ikishapinduliwa kutoka kwenye kalibu isimame yenyewe, bila kuzungushiwa biskuti za kuishikilia. Sinia likiguswa itikisike, itulie. Mdomoni iyeyuke bila kutafunwa, kwa sababu gelatini huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Jeli inayodunda chini ya kijiko ni ya mpishi mwoga aliyezidisha gelatini akihofia stima kupotea. Gramu 12 kwa nusu lita ya maji zinatosha. Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, waweza kupunguza kidogo. Februari usithubutu, hasa ukiwa ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati.

Matunda yatapakae kutoka juu mpaka chini. Yakielea yote juu au yakizama yote chini, ujue mpishi aliyatia mapema, kabla jeli haijawa nzito kama ute wa yai. Tikitimaji halitiwi, maana halikomi kutoa maji. Parachichi halitiwi. Bitiruti haitiwi, hata kama vibanda vya matunda vya hapa vinaichanganya na papai na ndizi kwenye vibakuli vyao; huko ina mahali pake. Ndizi iwe kisukari, ikatwe mwisho, ipakwe ndimu papo hapo. Embe liwe gumu kidogo.

Sasa nanasi. Hapa ndipo mpishi anapojulikana, na hapa ndipo wasifiaji wote huwa vipofu.

Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya mnyama iliyochemshwa mpaka ikatoa utomvu wake. Kwa asili ni kitu kimoja na nyama. Mwanamke yeyote wa Pwani anayechoma mishkaki anajua papai bichi linavyoifanya nyama: unasugua, unaacha, nyama ngumu inalegea. Utomvu wa papai hilo uliwahi kukusanywa Tanganyika, Uganda na Kongo na kuuzwa ng'ambo kwa kazi hiyohiyo, kwa jina la papaini. Nanasi nalo lina kimeng'enya chake, bromelaini, na kingi zaidi kimo kwenye kile kiini kigumu cha katikati. Ukitia nanasi lisilopikwa ndani ya gelatini, umetia kilainisha nyama ndani ya sufuria. Kitafanya kazi yake. Kitakata nyuzi za gelatini moja baada ya nyingine, na jeli itarudi kuwa maji.

Lakini haigeuki yote mara moja, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Mpishi akitia vipande vichache wakati jeli imeshaanza kuganda, kisha akaiwahisha kwenye friji, baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya. Saa tano asubuhi jeli ni nzuri, picha zinapigwa, zinatumwa kwenye kundi la chama. Saa tisa, sala zimekwisha na hotuba zimekwisha, jeli imekaa mezani bila ubaridi na kila kipande cha nanasi kimejichimbia shimo lake. Mgeni anayeionja saa hiyo hudhani ni joto la Tassia. Si joto. Joto likiyeyusha jeli, huanza pembeni na juu, kisha jeli yote hulegea. Nanasi huila kutoka ndani.

Basi kagua hivi. Chukua kipande chenye nanasi, ukilaze ubavu, utazame pale tunda linapokutana na jeli. Nanasi lililopikwa hushikana na jeli: ukilichomoa kwa uma linatoka na jeli imeng'ang'ania nyuzi zake, na tundu linalobaki lina kingo zilizochanika. Nanasi lisilopikwa limezungukwa na utando mwembamba wa maji. Linachomoka lenyewe, safi, na tundu lake linang'aa kama limelambwa. Huhitaji kuonja. Mzee mmoja aliyewahi kupika kwenye mabehewa ya chakula ya reli ya Mombasa, enzi zile treni ikiondoka Nairobi jioni na kufika asubuhi, alikuwa akikagua jeli ya vijana wake kwa namna hii tu. Hakutazama rangi wala umbo. Alichomoa kipande kimoja cha nanasi, akalitazama tundu, akarudisha sinia jikoni au akaliachia liende.

Dawa ni rahisi, na ndiyo inayonikasirisha zaidi. Chemsha vipande vya nanasi dakika tano ndani ya maji yake yenyewe na sukari kidogo. Kimeng'enya hakivumilii moto. Kuligandisha nanasi kwenye friza hakusaidii chochote, kwa kuwa baridi hukilaza tu, na likipata joto kinaamka. Nanasi la kopo ni salama, maana limepikwa ndani ya kopo lake. Thika iko karibu, na kiwanda cha Del Monte kilichoko huko kinafanya kazi hiyo. Mimi lakini napendelea la kuchemsha mwenyewe, sharubati yake ikitumika badala ya sehemu ya maji ya jeli. Papai nalo lina tabia ileile, na ukilipika halina tena ladha ya kutajwa, kwa hiyo liache nje. Tangawizi mbichi vilevile.

Wako wajanja waliogundua njia ya mkato. Wanatumia aga-aga, ile ya mwani, ambayo nanasi haliwezi kuila kwa kuwa haina asili ya nyama. Nina heshima kubwa kwa aga-aga. Faluda ya Mji wa Kale, Mombasa, inayoletwa mwezi wa Ramadhani ikiwa na maziwa, iliki na lozi juu yake, hupikwa nayo, na sijui kitu kinachofuturisha vizuri zaidi. Tena kwa mgeni Mwislamu ni afadhali kuliko gelatini ambayo pakiti yake haisemi ilitoka kwa mnyama gani. Mpishi asiyesoma pakiti kwanza asipewe kazi ya harusi. Ila iitwe kwa jina lake. Aga-aga huganda hata juu ya meza, na haiyeyuki mpaka ifike karibu na nyuzi joto 85, basi mdomoni haiyeyuki kabisa. Inakatika. Anayekuuzia hiyo kwa jina la gelatini, akisema jeli yake ni imara kuliko ya wengine, anakuibia. Mwingine hukoroga unga wa kastadi ndani ya jeli ili iwe nzito. Huyo utamjua kwa ukungu, maana jeli yake haipitishi mwanga. Na wale wa jeli ya vikombe vya plastiki wameamua tu kutoipindua. Jeli isiyotoka kwenye chombo haijafanya mtihani, na mimi siihesabu.

Marekani, walikoipenda sana jeli hii, walikutana na jambo hilihili. Chapa ya jeli ya Jell-O ilianza mwaka 1897 katika mji wa LeRoy, jimbo la New York, na kusini mwa nchi hiyo saladi ya matunda ndani ya jeli ikawa chakula cha karamu za kanisa. Kwenye pakiti zao mpaka leo kuna onyo la kutotia nanasi lisilopikwa. Kwetu, mpishi asiyeliona onyo hilo na anayejifunzia kwenye video hana wa kumwambia.

Zamani alikuwapo. Jeli na kastadi vilitufikia kupitia jikoni za wakoloni, za reli na za shule za bweni, na pamoja navyo akaja mpishi mkuu aliyesimama nyuma ya kijana mwenye kisu. Jumapili za mitaa ya Buruburu na Nyayo Estate zilikuwa na jeli iliyolazwa friji usiku kucha, bakuli limefunikwa sahani, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulifungua. Kalibu zilikuwa za bati lenye mikunjo. Bado huonekana soko la Gikomba mara mojamoja kwenye marundo ya vyombo, na ukiiona moja isiyotoboka, inunue bila kubembeleza bei. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Leo agizo linatolewa saa mbili asubuhi na jeli inatakiwa saa sita, na hakuna aliye tayari kusema hapana.

Dada yangu unayepika, sema hapana. Mwenye sherehe naye aagize tangu juzi, alipe malipo ya siku mbili, na kabla ya kulipa salio achomoe kipande kimoja cha nanasi. Kikitoka kimelowa na tundu linang'aa, salio lisitolewe.